Mvua Niliyoiona Peke Yangu Jeddah

Jamani, acheni nijicheke mwenyewe kabla hamjanicheka. Madam wangu, mwalimu wa chuo ninayemfanyia kazi za nyumbani, husoma shajara za Wajapani wa kale ili ajue mvua ilinyesha lini. Alipokwenda Riyadh kikazi akaniambia, “Rose, kila asubuhi nieleze hali ya hewa ya hapa Jeddah, kama wao.”

Mimi huyo! Nikiona matone dirishani jikoni, namrekodia ujumbe wa sauti: “Madam, imenyesha tena!” Kumbe naye huko anawatangazia wenzake maajabu ya mvua ya kila siku katika mji wa jangwani.

Aliporudi nilimvuta dirishani kwa mbwembwe. Tukatoa vichwa. Ghorofa ya juu, jirani alikuwa anakamua kanzu za mumewe.

Madam akajifuta uso, akacheka hadi akakaa chini. “Ndiyo maana, Rose, huwa siamini shajara ya mtu mmoja.”