Oili Kwenye Matairi ya Tela

Mtaani walimwita Taratibu, na hakuna aliyekumbuka tena kama aliwahi kuwa na jina jingine. Kazi yake ilikuwa kuhamisha watu. Ukitaka kuhama nyumba na kabati lako la kioo lifike likiwa bado na kioo, ulimtafuta yeye na pikapu yake ya kijivu, inayovuta tela la magurudumu mawili alilolichomelea mwenyewe enzi za ujana wake. Barabarani alipitwa hata na baiskeli, na wala hakuona haya. Pembeni yake alikaa mkewe, kwa sababu yeye ndiye aliyejua kipi kifungwe kwanza na kipi kisilalie kipi.

Mkewe alilipenda lile tela kuliko alivyowapenda baadhi ya ndugu zake. Kila Jumapili jioni alichukua kopo la oili chafu iliyotolewa kwenye injini, akachukua na kitambaa, akachuchumaa, akayapaka matairi mpaka yakang'aa kama viatu vya askari. Taratibu alikaa barazani akamtazama, na moyo wake ukatulia. Ndiyo ilikuwa saa yake nzuri ya wiki.

Lakini mwaka ule tela likaanza kuwaaibisha. Tairi moja lilipasuka kwenye mteremko wa kiwanda cha matofali, kashata zake, yale meno ya mpira yanayokanyaga barabara, zikiwa bado nene, yaani ukilitazama ungesema limetoka dukani jana. Meza ya mteja ikavunjika mguu. Baadaye likapasuka jingine, safari hiyo wakiwa wamebeba friji. Friji lilipona, jina halikupona. Wateja wa zamani walianza kuuliza, kwa upole kabisa, kama Taratibu anamfahamu mtu mwingine mwenye gari.

Akabaki nesi mkuu wa zahanati, aliyepata uhamisho na kutaka vyombo vyake vyote vifikishwe mji wa mbali Jumamosi. Tairi likipasuka na vyombo vya nesi mkuu, mwanamke anayemjua kila mtu na kuongea na kila mtu, kazi ya tela ndiyo imekwisha. Mume alilijua hilo, na mke alilijua.

Taratibu aliwatupia lawama wauza matairi. Alimwambia waziwazi yule wa karibu na stesheni kwamba anauza raba za kufutia penseli. Na yule wa sokoni walirushiana maneno mpaka watu wakatoka madukani kutazama. Akabaki mmoja tu, naye alikuwa shemeji yake, kaka wa mkewe. Miaka yote Taratibu alikuwa ameapa kutonunua kwake hata kifuniko cha valvu, akisema ukigombana na mwenye duka unahamia duka jingine, ila ukigombana na shemeji unahamia wapi?

Isitoshe, shemeji alikuwa mtu wa utani usiochoka. Utotoni dada yake aliwahi kuiosha redio ya baba yao kwa maji na sabuni ili ipendeze, na mpaka leo, dada ana wajukuu, kaka humwuliza mbele ya wageni kama redio imeshakauka. Wote hucheka, naye hucheka nao. Ni Taratibu peke yake aliyejua kwamba wageni wakishaondoka, mkewe huwa kimya mpaka anapolala.

Alhamisi asubuhi akameza kiburi chake, akalivuta tela mpaka kwa shemeji. Mkewe alibaki kwa nesi akifunga vyombo. Dukani matairi yalikuwa yamepangwa mpaka darini, na kwenye benchi wateja wawili walikuwa wakisubiri pancha zao.

"Karibu, shemeji," alisema mwenye duka. "Nilidhani umesahau njia."

"Njia ninaijua. Nilikuwa nakuja taratibu."

Shemeji alicheka, akachuchumaa kando ya tela. Hakuangalia kashata. Alibonyeza ubavu wa tairi kwa kidole gumba, na mpira ukafunguka nyufa ndogondogo chini ya ule mng'ao mweusi. Akanusa kidole. Akaenda upande wa pili, akanusa tena.

"Shemeji, nani anayapaka haya oili?"

"Kwani vipi?"

"Oili inakula mpira. Inaulainisha, inauvimbisha, halafu jua linamalizia. Hata ungenunua matairi ya dhahabu, yangepasuka tu. Huyu mtu anayaua kwa mikono yake. Nani?"

Wale wa kwenye benchi waliinua vichwa. Taratibu aliiona akilini ile redio. Aliiona ikiwekwa mezani kila mwaka pamoja na matairi mawili, mkewe akicheka na wageni, kisha ule ukimya. Akawakumbuka pia wale wauzaji wawili aliowatukana bure, akaona aibu.

"Mimi," alisema.

Shemeji alicheka mpaka akashika ukuta. "Taratibu! Mzima wewe? Unapaka tairi mafuta kama mtoto anayetoka kuoga?" Benchi nalo likacheka. Taratibu alisimama akapokea yote, masikio yakiwaka moto, maana katika mji ule hakuwa na kitu kingine zaidi ya sifa ya kuwa mwangalifu.

Baada ya hapo shemeji alifuta machozi akawa mfanyabiashara. Taratibu alikuwa ameshashika tairi la mtumba lenye kashata nene na bei ya huruma.

"Hilo liache," shemeji alimwambia, akamwonyesha tarakimu nne ubavuni. "Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Ona, hili limezeeka likiwa stoo. Tela halimalizi kashata, shemeji, linasimama siku nyingi kuliko linavyotembea. Tairi lake linakufa kwa uzee."

"Na yale pale mapya?"

"Ya gari dogo. Ubavu laini. Ukilipakia kabati, tela litayumba nyuma yako kama mlevi." Akavuta jozi iliyokuwa kona, matairi yasiyo na urembo wowote. "Haya ni ya tela. Si ya kampuni kubwa, ndiyo maana bei inashikika. Uzito yanaobeba umeandikwa hapa, unauzidi mzigo wako. Yote mawili ni ya mwaka huu. Nitakufungia, na kesho jioni nitapita kukaza nati."

Taratibu alilipa bila kuomba apunguziwe, jambo ambalo shemeji alilisimulia baadaye kama muujiza. Nyumbani alimwambia mkewe kwamba yale ya zamani yalikufa kwa uzee. Jumapili ilikuwa bado mbele, naye alikuwa akitafuta namna ya kumwambia kabla hajalishika tena kopo la oili.

Ijumaa jioni shemeji alikuja na spana yake, akakaza nati, akapima upepo, akakaribishwa chai. Hata sukari haijayeyuka, akaanza.

"Dada, mumeo ana siri. Alikuwa anayapaka matairi oili! Amekiri mbele ya mashahidi. Redio yako imepata mwenzake."

Taratibu aliinamia kikombe. Mkewe alikuwa amesimama na birika mkononi. Alimtazama mumewe, kisha akaliweka birika mezani.

"Kaka, niliyekuwa nayapaka ni mimi. Huyu hata kopo hajui linakaa wapi."

Shemeji alifungua mdomo. Taratibu aliinua macho akamtazama, na mdomo ukafungwa. Shemeji alipoaga alimshika dada yake bega, jambo ambalo hakuwa na kawaida ya kulifanya.

Jumamosi walishuka mteremko wa kiwanda cha matofali, kabati la nesi likiwa limesimama wima nyuma. Mkewe alikuwa ametoa kichwa dirishani akilisikiliza tela. Lilikuwa likifuata bila kelele. Akarudisha kichwa ndani.

"Ungeniambia tu, baba."

"Ningekuambia, ungeacha kuyashika. Mimi napenda kukuona pale."

Walipitwa na baiskeli mbili. Jumapili jioni Taratibu alikaa barazani kama kawaida, akamwona mkewe akitoka na ndoo ya maji, sabuni na vitambaa viwili. Kimoja akamrushia yeye.