Nyimbo za Mabasa za Bibi Melania

Mwaka 1953, pale Segese, Melania alikuwa amebaki peke yake anayezijua nyimbo za mabasa, yaani mapacha, zote tisa kwa mpangilio wake. Mwenzake wa kuitikia tulimzika masika iliyotangulia. Nazo haziimbwi hovyo. Pasipozaliwa mapacha, kinywa hufungwa. Angemfundishaje mtu? Alisubiri tu, meno yakimwisha.

Ndipo ikaja habari kwamba Generosa, mke wa mchimbaji Onesmo, amejifungua mapacha kule Kalangalala. Melania akajitwisha unga wa safari. Nami nilikuwa naelekea huko, tukafuatana siku tatu kwa miguu.

Wanawake walijaa uani, wengi wageni waliofuata waume mgodini. Wakaitikia vizuri mpaka wimbo wa nne, pale mama wa mapacha anapomtukana mama mkwe wake mbele za watu, ili jicho baya liwapite watoto. Mkwe wa Generosa alikwisha kufariki. Melania akakalia kigoda cha mkwe badala yake.

"Haya, nitukane."

Generosa akapiga goti. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Nitukane sasa."

"Bibi, mimi nimebatizwa."

"Hata mimi. Hilo Melania unadhani alinipa nani, kama si padri? Tumbo langu likoje?"

"Ni... ni kubwa kidogo."

"Kubwa kidogo!" akadakia jirani yake, Ghati. "Unamtukana au unamposa?"

Uwanja mzima ukacheka. Melania hakucheka.

"Mwanangu, miguu hii hainileti tena huku. Ukiniheshimu leo, nitazikwa na wimbo tumboni."

Generosa akaitazama ile miguu, ilivyovimba kwa mwendo. Akasimama, akashika kiuno.

"Mkwe tumbo kibuyu, umemaliza maziwa ya wajukuu! Mkwe miguu mchi, umetwanga nini mpaka ikavimba?"

Hilo la miguu halikuwamo. Nilimwona Melania akisita.

"Rudia," akasema. "Na wengine mwitikie. Limeingia hilo."

Wakaimba mpaka wa tisa, wakazirudia zote mpaka jua likazama. Kisha akamtaka Generosa aanze upya peke yake, naye akageukia ukuta, midomo yake isije ikamsaidia. Generosa hakuruka hata mmoja.

Njiani kurudi Melania hakuimba neno. Nikamwuliza kama haogopi kwamba watasahau.

"Watasahau vipi?" akasema, akikaa chini kuikanda miguu. "Wamenitukania hii."