Mfumaji Anayeidai Mikono Yake

Jua halijachomoza sawasawa mjini Kpetoe, mashariki mwa Ghana, na Selorm Agbodza ameshakaa kwenye kitanda chake cha kufumia. Anapitisha uzi, anaushindilia, anapitisha tena. Ukanda mwembamba wa kente, kitambaa cha fahari cha Ghana, unarefuka mbele yake. Vidole vinatetemeka.

"Huu ni wa rangi moja," anasema bila furaha. "Kazi ya maua nimenyang'anywa na mikono yangu mwenyewe."

Ana miaka arobaini na sita, na kwa miaka tisa amekuwa akimeza dawa za ugonjwa wa akili. Zilimrudishia usingizi, na sauti alizokuwa akizisikia zikanyamaza. Hilo hakatai. Ila zilikuja na mtetemo, na kazi ya rangi moja humlipa nusu tu ya kazi ya maua.

Miaka mitatu iliyopita aliziacha kimyakimya. Wiki ya tano alifumua nguo nzima ya mteja, na mkewe, Mawusi, akamkuta barabarani akiwagawia wapita njia nyuzi. Akazirudia. Safari hii akaona heri aende kliniki kuomba ruhusa ya kuziacha. Muuguzi, Sista Enyonam, akakataa katakata.

"Kaka, umepona kwa sababu unameza."

"Sista, mfumaji asiyefuma kapona nini?"

Walivutana miezi minne. Mwishowe Selorm alibeba kanda mbili za maua alizozifuma juma moja, akazilaza mezani ubavu kwa ubavu, kama zinavyoshonwa kuwa nguo. Mwanzoni mistari ilikutana. Mwishoni ilipishana vidole vinne.

Sista alizitazama. "Nilidhani unadeka," akasema. "Nisamehe."

Hakumruhusu kuacha. Alimpeleka kwa daktari, wakaafikiana: dozi ipunguzwe robo, aonekane kila wiki mbili, na Mawusi akitaka irudishwe, irudishwe bila ubishi.

"Bado naogopa," anasema sista. "Lakini afadhali apunguze nikimwona kuliko aache akijificha."

Mawusi, anayesonga akple, ugali wa kwao, uani, anadakia: "Umesikia, Baba Dela? Bosi ni mimi."

"Lini hukuwa wewe?"

Huu ni mwezi wa tatu tangu dozi ipunguzwe. Mtetemo umelegea kidogo, na Selorm ameanza ukanda wa maua. Desemba binti yao, Dela, anaolewa, na baba anataka nguo ya harusi itoke mikononi mwake, si kwa jirani.

Ugonjwa ukirudi je?

Anamtazama mkewe. "Huyu ataujua kabla yangu. Akisema meza yote, nitameza, hata kama nguo ya Dela imebakiza ukanda mmoja."