Adelgunda Arudi Hewani

Lori la mgodi wa bati lilipopita Ndama asubuhi moja ya kiangazi, mwaka 1954, watu wengi walidhani linakokota jeneza. Nyuma yake kulikuwa na kigari chenye sanduku jembamba, refu kupita nyumba, lililofunikwa turubai, na wanaume waliokuwa njiani walivua kofia likipita. Adelgunda alikuwa uani akianika kahawa. Upepo ulifunua pembe ya turubai kidogo tu, akaona ncha nyeupe ya mbao iliyovikwa kitambaa. Aliacha kahawa yake na kutoka hadi barabarani.

"Lile ni bawa," alimwambia mumewe.

Rwezaura alikuwa akinoa mundu. "Bawa la nini?"

"Unajua la nini, Baba Anatolia."

Rwezaura aliendelea kunoa. Kweli, alijua.

Miaka mingi nyuma, kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, Adelgunda alikuwa msichana wa Kituntu aliyeshona mashuka na kanzu katika misheni ya Kilutheri. Pale misheni alikuwepo fundi seremala Mjerumani, mtu mnene mwenye sauti nyembamba, aliyeitwa Bruda Konradi. Kwao Ujerumani vijana walikuwa wamepagawa na ndege zisizo na injini, na Bruda alikuja na ugonjwa huo mpaka Karagwe. Alipomaliza kutengeneza madawati na milango, alianza kuunda ndege. Mifupa yake ilikuwa ya mbao, na kiti kilikuwa ubao mtupu kwenye pua, hakina hata ukuta. Adelgunda aliitwa kushona kitambaa cha kuvika mabawa. Wanyambo, wenyeji wa Karagwe, wakakiita kitu hicho enyonyi ya Bruda, yaani ndege wake.

Bruda alipojaribu kuirusha mwenyewe kutoka kilimani, ilidondoka kama mkungu wa ndizi. Alikuwa mzito mno. Akawaomba vijana waliovuta kamba, mmoja baada ya mwingine. Mmoja alisema mama yake mgonjwa, mwingine akasema mama yake mzima na angependa aendelee kuwa hivyo. Ndipo mshonaji, aliyekuwa amekuja kutazama kama mshono wake umeshika, akauliza, "Mbona hunijaribu mimi? Mimi ni mwepesi."

Mchungaji alikuwa safarini Bukoba wiki ile. Aliporudi, Adelgunda alikuwa amesharuka mara kadhaa, na kumkataza kulionekana kumechelewa.

Ndege ile ilirushwa kwa kamba ya mpira. Vijana waligawanyika pande mbili, wakaivuta wakiteremka mlima mpaka mpira ukakaza, kisha mkia ukaachiwa. Msichana alichomoka, akapita juu ya vichwa vyao, akashuka hadi bondeni. Safari yake ndefu kuliko zote haikufikia mwisho wa Baba Yetu, kwa maana aliisali njiani, na ndege, isiyo na magurudumu, iligusa nyasi kwa tumbo kabla ya amina. Mmoja wa wavuta kamba alikuwa kijana wa Ndama, Rwezaura, ambaye kila mara alikimbia bondeni kuwa wa kwanza kumfungua mkanda.

Vita vilipozuka Wajerumani walichukuliwa, Bruda pamoja nao, na habari zake hazikusikika tena. Ndege ilibaki stoo. Mchwa walikula mbao, na kitambaa cha mabawa kikageuzwa mashati ya wanafunzi. Adelgunda aliolewa na Rwezaura, akahamia Ndama, akazaa, akalima migomba na kahawa. Hakulia kwa ajili ya ndege. Ila kulikuwa na jambo moja lililomkera kama mwiba mdogo usioonekana: yeye siku zote alikuwa akishuka. Mwewe naye hana injini, hapigi mabawa, na bado hupanda, anazunguka na kuzunguka mpaka anakuwa kinukta. Anafanyaje? Alimwuliza katekista, akajibiwa kwamba Mungu ndiye ajuaye. Jibu lilikuwa sahihi, lakini halikumtosha.

Jumamosi iliyofuata aliandamana na Rwezaura kwenda rweya, ile nyika ya nyasi isiyolimwa iliyo chini ya kijiji. Lori lilikuwa pale. Ndege ilikuwa imekwisha kuunganishwa, ya rangi ya maziwa, pana, na pua ya duara yenye nafasi ya watu wawili kukaa bega kwa bega. Mwenye nayo alikuwa mhandisi wa mgodini kule Kyerwa, Mswisi mmoja aliyeitwa Amsler, mrefu, shingo yake imeungua jua. Kiswahili alikuwa amejifunza kwa wachimbaji, nacho kilikuwa na matusi mawili matatu ambayo hakujua kuwa ni matusi.

"Shikamoo, mama," alisema, ingawa alimzidi umri.

Adelgunda hakujua aitikie nini. Alisema, "Karibu, Bwana. Mimi niliwahi kurusha hii. Si hii. Nduguye mdogo."

Amsler alimtazama, akamtazama Rwezaura, kana kwamba mmoja wao atacheka. Rwezaura akasema, "Ni kweli. Mimi nilivuta kamba."

Mswisi akakaa chini kwenye nyasi na kuwaomba wamsimulie yote. Aliuliza kiti kilikuwaje, kamba ilifungwa wapi, alijuaje mwendo unatosha. Adelgunda alisema alisikiliza upepo masikioni. Ukinyamaza, anasukuma fimbo ya usukani mbele. Mwishowe Amsler akapiga magoti yake kwa viganja. "Kesho baada ya ibada," alisema. "Pamoja na mimi. Tuone mikono inakumbuka nini."

Nyumbani wifi yake, Evangelina, alisikia habari kabla hata chakula hakijaiva. "Mama wa watoto wanne!" alisema mlangoni. "Na utavaa nini? Gauni? Dunia nzima ikutazame kwa chini?"

"Nitavaa suruali ya kaka yako."

Evangelina aliondoka hata bila kuaga. Hilo halikuwa limewahi kutokea.

Usiku ule Rwezaura alimwuliza kitu kimoja tu, wakiwa wanafunga mlango. "Mama Anatolia, unatafuta nini kule?"

"Nataka kujua mwewe anafanyaje."

"Na ukishajua?"

"Nitakuambia," alisema, na Rwezaura akaona ni haki.

Kesho yake, angani, mikono haikukumbuka karibu chochote. Hilo ndilo lililomshangaza Adelgunda kuliko yote. Kwanza lori, likiendeshwa na dereva Desderius, lilivuta waya mrefu, na ndege ikainua pua ikapanda kama mtu anayekwea ngazi. Zamani hakuwahi kuvutwa juu. Mgongo ulikandamizwa kitini, macho hayakuona ila anga, naye akashika ukingo kwa mikono yote miwili na kusahau kuwa kuna usukani. Kisha kulisikika mlio, waya ukaachia, pua ikainama, na kimya kikaja.

Kimya kile alikitambua. Akataka kucheka.

"Chukua," Amsler alisema akiachia usukani wake.

Akachukua. Ndege ilipanda kidogo, ikashuka kidogo, ikapanda tena, kama mbuzi anayesita kuvuka mto. Amsler alimwambia ageuke kushoto. Alilaza fimbo kushoto, na badala ya kugeuka vizuri ndege iliteleza kwa ubavu, upepo ukampiga shavuni. Waliposhuka alivuta fimbo mapema mno. Ndege ikatua kwa kishindo, meno yakagongana.

"Umesahau miguu," Amsler alisema wakiwa wamesimama. "Kugeuka ni mkono na mguu pamoja."

"Sijasahau. Sikujua." Alikuwa akipangusa damu mdomoni, amejing'ata ulimi. "Zamani nilikwenda mbele tu. Hakukuwa na muda wa kugeuka."

Alijua sasa kwamba alichorudia hakikuwa alichokiacha. Mtu mwingine angekwenda zake nyumbani. Adelgunda alikuwa ameona kitu mbele ya kiti, nacho hakikumpa nafasi ya kuona aibu: vichupa viwili vyembamba vya kioo, kimoja na kitufe chekundu ndani, kingine na cha kijani. Alikuwa ameviona vikicheza.

"Vile ni nini?"

"Hewa ikishuka, chekundu kinapanda. Hewa ikipanda, kijani."

"Hewa inapanda?"

"Mahali pengine. Jua likipasha ardhi. Ukiipata, uzunguke ndani yake."

Adelgunda alitazama juu. Kisha akauliza inapanda wapi, kwa upana gani, na kama mtu anaweza kuiona. Amsler alijibu kwamba hayo ndiyo anayotafuta yeye mwenyewe, na kwamba milima hii bado hajaijua.

Basi kiangazi kile chote, kila Jumapili, walitafuta pamoja. Katikati ya wiki Adelgunda alijifunza nyumbani. Aliketi kwenye kigoda, mchi wa kutwangia kati ya magoti, miguu juu ya kipande cha ubao kilichowekwa juu ya jiwe, akigeuka kushoto na kulia huku bintiye mdogo Joviana akimwamuru: "Sasa Bukoba! Sasa Rwanda!" Mguu na mkono vilianza kuelewana. Siku moja aligeuka angani na upepo haukumpiga shavuni kabisa. Amsler alitoa mikono yake karibu na usukani akaikunja kifuani, akakaa vile hadi walipotua.

Kisha ikaja adhuhuri moja ambapo Amsler alifungua mkanda wake na kushuka kitini. Akauweka mfuko wa mchanga mahali pake ili ndege isipungukiwe uzito.

"Nenda," alisema.

Rwezaura, aliyeshika ncha ya bawa, alimtazama mkewe. Hakusema kitu chochote cha maana. Alisema, "Mkanda umekaza?"

"Umekaza."

Waya ulipoachia alikuwa peke yake juu ya rweya. Upande mmoja nyasi zilikuwa zimechomwa siku chache nyuma, mteremko mzima mweusi, na Adelgunda aliuelekea kwa sababu alikuwa akiuwazia tangu asubuhi: nguo nyeusi huunguza mgongo juani kuliko nyeupe, huenda mlima nao ni vivyo hivyo. Kitufe chekundu kilipanda. Alikuwa akishuka, kama zamani. Kikaendelea kupanda. Akaanza kupima kwa macho atatua wapi.

Ghafla bawa la kulia liliinuliwa, kama mtu aliyeliingizia bega kwa chini. Chekundu kikaanguka. Kijani kikaruka.

Akageukia huko huko, mkono na mguu. Kijani kikaanguka; akazidi kulalia ndani; kikarudi, kikakaa. Akazunguka. Na hapo likamjia jambo ambalo hakuna aliyemwambia: harufu. Majivu ya nyasi, yenye ukali, huko juu ambako hakuna nyasi. Hewa ilikuwa imeyabeba. Alipotoka nje ya mzunguko harufu ilikatika, aliporudi ilirudi, akaona kwamba anaweza kufuata pua kama anavyofuata kitufe.

Mwewe alikuja. Alikuwa akizunguka chini yake, kisha wakawa sawa, karibu kiasi cha kuona kichwa chake kikigeuka. Adelgunda alimkazia macho. Mabawa hayakupiga. Lakini mkia! Mkia haukutulia hata kidogo. Ulipinda huku, ukapinda kule, na manyoya ya ncha yalifunguka kama vidole vinavyopapasa gizani. Kwa miaka yote alimwona mwewe kama mtu aliyekaa kitako juu ya hewa. Kumbe anafanya kazi muda wote.

"Ahaa," alisema kwa sauti. "Kumbe na wewe unatafuta."

Ndama ilikuwa imekuwa ndogo. Aliona migomba kama madoa ya kijani kuzunguka kila mji, yaani kila kaya, na mbali sana magharibi mng'ao wa mto Kagera na milima ya Rwanda nyuma yake. Majivu yakapungua, ikaja harufu nyingine, tamu, ya uchachu: ndizi mbivu zilizokamuliwa na mtama uliokaangwa. Rubisi. Kuna mtu alikuwa akitengeneza pombe, na jasho la pombe yake lilikuwa limefika mawinguni.

Alipoanza kuhisi baridi vidoleni alitoka mzungukoni na kushuka. Alitua mbali kidogo na lori, ndege ikadunda mara moja, ikasimama. Rwezaura alikuja mbio, ila umri ulikuwa umempata, Desderius akamtangulia. Amsler alifika akitabasamu hadi masikioni na kumpa mkono kwanza yeye, kisha mumewe.

"Haya, niambie," Rwezaura alisema akihema, alipokuwa akifungua mkanda.

"Anapapasa kwa mkia," Adelgunda alisema. "Nitakuonyesha. Lakini kwanza, nani leo ana rubisi?"

Alirusha ndege ile kwa misimu miwili zaidi, hadi kazi ya Amsler mgodini ilipokwisha na sanduku refu likapakiwa tena, safari hii kwenda Nairobi. Aliisindikiza hadi njia panda. Hakuwahi kupanda nyingine, na watu walipomwuliza kama ameumia alisema alikuwa ameuliza swali akajibiwa, ni wangapi wanaopata hivyo?

Lakini jioni ile ya kwanza, akiwa bado na suruali ya mumewe, alipita mji kwa mji akinusa. Mwishowe alifika kwa Byarugaba, upande wa chini wa rweya, akamkuta amefunika mtumbwi wa mbao wa kuchachushia pombe kwa majani ya mgomba.

"Ulikamua leo mchana?" Adelgunda aliuliza, hata kabla ya salamu.

Byarugaba aliangalia pande zote. Hakuwa ameomba ruhusa ya chifu. "Nani amekuambia?"

"Hakuna aliyeniambia. Mtama uliukaanga jua likiwa wapi? Utosini? Au lilikuwa limeanza kulala?"

"Utosini," Byarugaba alisema taratibu. "Mama Anatolia, wewe ulikuwa wapi?"

Adelgunda alikuwa amekwisha kurudi nyuma hatua kadhaa. Alikuwa akitazama paa, kisha mteremko mweusi, kisha anga juu ya vyote viwili, akipima kwa kidole njia ambayo harufu ilipandia, ili Jumapili ijayo ajue pa kuitafuta hewa.