Shangazi Alivyofia Kwenye Simu

Mimi ndiye niliyemtoa shangazi kwenye kundi la ukoo baada ya kufa kwake. Na alikuwa hajafa.

Shangazi, dada mkubwa wa baba, ndiye aliyenilea. Anaishi Sikonge, mimi nashona nguo Gongoni, mjini Tabora. Basi moja tu linatutenganisha. Jumatatu alituma picha amelala mkekani, kajifunika kanga mbili: "Wanangu, naumwa. Nataka kuwaona." Majibu yakaja mbio. Pole shangazi, ugua pole, maua, malaika wenye mabawa. Mimi nilituma kidole gumba nikarudi kwenye tamthilia, maana siku hiyo mama mkwe alikuwa anamfukuza yule binti yatima. Nililia mpaka nikaunguza gauni la mteja kwa pasi.

Hakuna aliyekwenda. Alhamisi, mtani wetu, mzee mrina asali, jirani wa shangazi, akaandika kundini: "Shangazi yenu katutoka. Maziko kesho saa nane."

Sasa, mtani huyu hajawahi kusema neno la kweli juu yetu. Ndiyo kazi ya mtani. Kwenye maziko ya babu alilala ndani ya kaburi, akagoma kutoka mpaka apewe jogoo. Angetuambia hayo ana kwa ana, tungemtukana, tukacheka, yakaisha. Lakini kwenye simu hatukuiona ile midomo yake inayocheza. Tukaamini ukoo mzima, na hakuna hata mmoja aliyepiga simu kuuliza.

Weee! Binamu wa Dar es Salaam akatengeneza picha ya shangazi yenye mishumaa, dakika kumi hazijapita. Mwingine akauliza nani atarusha maziko mubashara, yeye ratiba imembana. Katikati ya pole hizo shangazi akaandika: "Mimi sijafa."

Binamu akamjibu: "Jamani, aliyeshika simu ya marehemu aache mzaha, tuna majonzi." Wote wakanigeukia mimi, msimamizi wa kundi: mtoe huyo! Nikamtoa. Tena nikajiona nimemtetea shangazi yangu.

Kesho yake nikashuka Sikonge, kanga nimejifunga kiunoni, yowe nimelianza tangu kituoni. Uani hapakuwa na turubai wala masufuria ya msiba. Shangazi alikaa mkekani, amekonda, anakunywa uji. Pembeni mtani kajipaka majivu usoni, analia kwa sauti, kisha anachovya muhogo kwenye asali, kisha analia tena.

Nikapiga magoti. "Shikamoo, shangazi."

Shangazi akanywa uji.

"Shikamoo, shangazi!"

"Mwanangu," mtani akasema, "lini umeona marehemu akaitikia salamu?"

"Mchawi mkubwa wewe! Unamzika mtu mzima mzima?"

"Mimi nimetangaza tu. Aliyemtoa duniani ni nani?"

Shangazi hakunitazama, alikuwa anaangalia njia. Nikaelewa kwamba anawangoja wengine. Akiwa mgonjwa hawakuja, basi labda kwa maiti watakuja. Kila pikipiki ikinguruma anainua shingo. Saa nane ikafika, ikapita. Simu yangu ilikuwa inatetemeka mfukoni bila kupumzika: ukoo unalia, unaomba picha za jeneza. Saa kumi mtani akanawa majivu, akachukua baiskeli yake akaenda kwake bila utani wowote, na hilo ndilo lililonitisha.

Nikaizima simu. Nikachemsha maji, nikamshika mkono shangazi mpaka bafuni nyuma ya nyumba, nikamwogesha kama alivyokuwa akiniogesha mimi. Mgongo wake ulikuwa mifupa mitupu. Nilimsugua taratibu huku nalia, safari hii bila yowe.

"Marahaba, mwanangu," akasema. "Ongeza maji, haya yamepoa."