Betri ya Tatu

Nilikuwa nimelala chini ya gari, gerejini kwangu Buyenzi, mtaa wa Bujumbura, madereva wawili walipoanza kupigana juu yangu.

Magari yalikuwa mawili madogo ya umeme, na wenyewe walikuwa marafiki. Mmoja alikuwa mwalimu wa Cibitoke aliyeacha kufundisha. Mwingine Mkongomani wa Uvira, zamani akiuza vitenge kwenye maduka ya mtaa wa Asiatique. Waliingia kwenye biashara ya teksi petroli ilipoadimika, lakini kuchaji kulilisimamisha gari siku nzima. Nikawatafutia njia. Betri ya kila gari niliifunga kwenye fremu ya chuma yenye bolti nne, na wao wakanunua ya tatu ikawa inakaa kwangu ikichajiwa. Anayekuja na betri tupu, naishusha kwa jeki, nampandishia iliyojaa, anaondoka. Miezi mingi tulienda vizuri.

Juma lile umeme ulikatika siku tatu, ikabaki betri moja tu iliyojaa. Mwalimu alinipigia simu asubuhi nikamwahidi. Mkongomani sikumwambia. Kosa langu ni hilo. Alifika yeye wa kwanza, akangoja, kisha akaniona naipandisha kwenye gari la mwenzake.

"Fundi, shusha iyo batri. Mi ndiye nilifika mbele."

"Apana, mi niliomba asubui," mwalimu akajibu. "Kuko mugonjwa ananingoja."

"Kila siku uko na mugonjwa. We ni muongo."

Mwalimu akamzaba kofi. Nikaona miguu yao ikisukumana, kisha mkono ukiokota spana ya magurudumu. Spana ilimpata mwalimu tayani na mfupa ukalia. Aliangukia jeki kwa uzito wake wote, jeki ikateleza, na betri, nzito kama watu watatu, ikatua juu ya mkono wangu wa kushoto.

Nililia mpaka sauti ikakauka. Mkongomani alitupa spana, akaingiza bega chini ya fremu, akainua huku shingo imemvimba. "Vuta mukono, yaya. Vuta," akasema, akiniita kaka mkubwa kwa lugha ya kwao. Nilivuta. Vidole viwili vilikuwa vinaning'inia kwenye ngozi.

Magari yalikuwa mawili pale na hata moja halikuweza kutembea. Majirani walitulaza mimi na mwalimu kwenye mkokoteni wa saruji, Mkongomani akausukuma mwenyewe mpaka hospitali, damu yetu ikichuruzika kwenye viatu vyake.

Vidole walivikata. Mwalimu walimfunga taya kwa waya. Siku ya tatu Mkongomani alikuja wodini akapiga magoti kando ya kitanda chake. Mwalimu hakuweza kusema, lakini kumpa mkono aliweza, na hakumpa. Aligeukia ukuta. Alipopona aliuza gari lake na betri yake, na tangu hapo hajakanyaga gerejini kwangu.

Mkongomani bado anakuja. Gari moja na betri mbili hazina ugomvi, na umeme ukikatika tunangoja tu. Bolti nazishika kwa vidole vitatu. Wakati nafungua, yeye husimama nje ya mlango, mikono mfukoni, na haingii mpaka nimwite.