Nilimlisha Mjomba Mbuzi wa Krismasi Niliyemchinja Mwenyewe

Bwana Mhariri, naomba unifichie jina na kijiji, maana gazeti hili husomwa kwa sauti barazani kwetu na huenda nitakuwa nimekaa hapo hapo nikisikiliza. Mimi ni mwanamume wa miaka thelathini na mmoja, mkulima wa mihogo na mikorosho upande wa Kisarawe, nina mke na watoto wawili. Nilibatizwa nikiwa kijana, na mwisho wa mwezi huu natarajiwa kuwekewa mikono niwe mzee wa kanisa. Heshima hiyo ndiyo imenifikisha kwenye aibu hii.

Baba yangu alifariki nikiwa mdogo, nikalelewa na mjomba huko Mkuza, upande wa Kibaha. Mjomba ni Mwislamu, tena si wa jina tu. Siku nilipomwambia nataka kubatizwa alisema, "Unamtafuta Mungu, siwezi kukuzuia. Ila usije ukanisahau." Hakunifukuza. Tangu nioe, kila Krismasi huja kwa miguu na kisu chake, anamchinja mbuzi wetu kwa mkono wake ili naye ale pamoja nasi. Huku kwetu ndivyo ilivyo katika nyumba nyingi. Idi tunakula kwao, Krismasi wanakula kwetu, na mchinjaji ni yule ambaye akichinja, hakuna atakayeacha kula.

Mwaka jana jina langu lilipotajwa kanisani, maneno yakaanza. Mwenzangu mmoja wa kwaya alinitania mbele ya watu, "Mzee wa kanisa mtarajiwa, mbuzi wa Krismasi bado unamsomeshea bismillahi?" Watu wakacheka, nami nikacheka, lakini neno lile liliniingia. Nikaanza kujiona mtu wa imani nusu. Sikumwuliza mchungaji wala mtu yeyote. Asubuhi ya Krismasi, Mjomba akiwa amecheleweshwa na mvua, nikamchinja mbuzi mwenyewe. Mke wangu akaniuliza, "Sasa Mjomba atakula nini?" Nikamjibu kuku yupo, atajichinjia. Na kweli, wakati ule nilikusudia kumwambia.

Mjomba alifika saa sita, kanzu imelowa mpaka magotini.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Nisamehe, mto umejaa, nimesubiri upungue. Mbuzi yuko wapi?"

Nyama ilikuwa imeshaiva, na yule mwenzangu wa kwaya alikuwa ameketi mkekani ananitazama. Nikaona haya. Sijui nilimwonea haya nani, lakini mdomo wangu ukasema, "Ulipochelewa nilimwomba Mwislamu mmoja aliyekuwa akipita, akatuchinjia."

"Alhamdulillahi," akasema, akanawa mikono.

Alikula vizuri. Alimega ini kwenye sahani yake akamlisha mwanangu mdogo. Alipomaliza aliinua mikono akaniombea dua, nyumba yangu ipate heri na uzee wangu uwe wa haki. Nikaitikia Amina. Mke wangu aliinuka akaenda jikoni na hakurudi mkekani.

Kesho yake Mjomba alipokuwa akiaga aliomba kitu kimoja tu, ile ngozi ya mbuzi. Msala wake umechakaa, akasema ataikausha awe anaswalia juu yake. "Kila nikisujudu nitakukumbuka." Ndugu zangu, niliikunja mwenyewe, nikamfungia kwa kamba.

Siku ya mwaka mpya mchungaji alihubiri kwamba ya mwaka jana tuyaache huko huko, tuanze upya. Nilitamani sana kulishika neno hilo. Lakini ya kwangu hayakubaki mwaka jana. Yako Mkuza, na mzee wa watu anaweka paji lake la uso juu yake kila swala. Wenzangu walipokwenda kwenye Meza ya Bwana nilibaki nimekaa, nikasema tumbo linaniuma. Nikawa nimeongeza uongo mwingine, tena ndani ya kanisa.

Nimefikiri sana, na nimeona kosa langu si kushika kisu. Ningemwambia ukweli, Mjomba angekula mhogo na chai na kunicheka. Kosa langu ni kwamba nilimwonea haya. Nilitaka imani yangu ionekane kubwa machoni pa watu, nikamlisha kibudu mtu aliyenilea kwa halali, siku ile ile tunayoimba kwamba Mungu amekuja kukaa na watu. Nikikumbuka ile Amina yangu najichukia.

Mke wangu anasema, "Nenda kamwambie kabla hujapiga magoti pale mbele." Yule wa kwaya, nilipomnong'oneza, alisema, "Mzee wa watu hajui kitu, kwa nini umtie uchungu? Mungu atamhesabia nia yake." Moyo wangu unapenda kumsikiliza huyu wa pili, na hilo ndilo linalonitisha.

Jana dereva wa lori aliniletea salamu kutoka Mkuza. Mjomba atakuja siku yangu. Kanisani hataingia, atakaa nje karibu na dirisha asikie jina langu likitajwa. Dereva akaniambia mzee anatembea na habari hiyo msikitini kote, anawaambia wenzake kwamba kijana wake amepewa uzee kwa sababu hajawahi kumdanganya mtu.

Nikimwambia, naogopa sitamwona tena nyumbani kwangu. Nisipomwambia, mchungaji ataniuliza mbele ya watu wote kama nitaishi kwa kweli, na Mjomba atakuwa pale dirishani anangoja kusikia jibu langu. Nishaurini, ndugu zangu, nifanye nini?